Mahari ya Igogo

Jumatatu, 16 Septemba

Asubuhi mazishi. Mchana kufungua darasa. Jioni mgeni kutoka wizarani. Kote nimesema maneno yale yale. Joho linanibana kwapani. Mke wangu anasema joho halijapungua, mimi ndiye nimeongezeka.

Watu wanadhani meya ndiye mwenye jiji. Meya ana mkufu. Saini anayo Mkurugenzi.

Keshokutwa niko Igogo. Wanawake wanaoanika dagaa ufukweni wameambiwa wapishe ujenzi. Hakuna aliyewaambia waende wapi. Jirani yao kuna yadi ya jiji, imejaa magari mabovu ya halmashauri na majani. Mimi nataka wapewe hiyo, kabla mvua hazijaanza. Naibu Meya anataka iwe maegesho ya malori. Tutapiga kura mwezi ujao na kwa sasa madiwani wengi wako upande wake. Naijua hesabu hiyo hata nikilala.

Jumatano, 18 Septemba

Mwezi mpevu, na dagaa huvuliwa gizani kwa taa, hivyo mitumbwi imepumzika na wanawake walikuwepo wote. Nilijisikia nyumbani. Pale ndipo nilipokuwa nachomelea mageti kabla ya siasa.

Nilisema vizuri mpaka mwisho. Nikawaahidi kwamba kabla ya mvua nitawapa mahali. Halafu vigelegele ambavyo sijapata kupigiwa tangu nichaguliwe. Mama Kabula, kiongozi wao, mtu mzima ambaye hata mimi namwamkia shikamoo, akasimama na kuuliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Mstahiki, wote tumesikia. Ni ng'ombe wangapi?"

Nikacheka pamoja nao. Nilidhani ni furaha tu. Tulipofika kwenye lami dereva ndiye aliyenieleza, huku macho yake yakiwa barabarani. Sikusema mahali. Nilisema mahari.

Alhamisi, 19 Septemba

Video imefika kila simu ya Mwanza. Meya akiwaposa wanawake wa Igogo, wote kwa mpigo. Mke wangu amenipokea mlangoni kwa "shikamoo bwana harusi". Akaniuliza kama wake wenzake watakaa chumba cha wageni au nitawajengea.

Naona aibu. Naiandika kama ilivyo. Kwetu Magu L na R ni kama pacha Kulwa na Doto, mama yao tu ndiye anayewatofautisha. Nilichapwa shuleni kwa sababu hiyo. Nilipogombea udiwani nikaomba "kula" za wananchi, na wapinzani wangu wakacheka mwezi mzima. Nilidhani nimeshavuka hapo.

Jumapili, 22 Septemba

Kanisani mchungaji amehubiri juu ya ndoa. Sitaki kuamini kwamba alinilenga mimi. Waumini wote wamegeuka kunitazama.

Nimefanya mazoezi bafuni. Mahali. Mahali. Mahali. Nikiwa peke yangu nasema sawasawa kabisa.

Jumanne, 24 Septemba

Wamekuja ofisini. Kundi zima, vitenge sare, wameketi kwenye korido wakiwazuia hata watu wa vibali vya ujenzi. Mama Kabula akasema kwa mila upande wa mwanamume ndio hutuma washenga, lakini mchumba wao amenyamaza, wakaona waje kumwangalia kama ni mzima.

Kisha akataja mahari. Ng'ombe wa kwanza ni ile yadi. Wa pili, bomba la maji. Wa tatu, choo. Ng'ombe wengine wote wamenisamehe kwa sababu mshahara wa meya wanaujua.

Watumishi walikuwa wanacheka madirishani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi mkononi, nikijiona mjinga, na papo hapo nikiona raha ambayo sikuitegemea. Miaka yote hii watu huja kwangu kuomba. Hawa hawakuja kuomba, walikuja kudai.

Ijumaa, 4 Oktoba

Naibu Meya amenifuata na chai yake mkononi. Si mtu mbaya. Anaongea vizuri, Kiswahili chake kimenyooka, suti hazimbani. Amesema kuna njia rahisi ya kunitoa kwenye kichekesho hiki. Ofisa habari atatoa taarifa: ulimi uliteleza, Meya alimaanisha mahali popote patakapopatikana siku za usoni. Watu watasahau, yadi itaenda kwa malori, na yeye hatanipinga tena kwenye mambo yangu mengine.

Taarifa yenyewe imekwisha andikwa. Imebaki niseme ndiyo. Nimemwambia nitafikiri.

Nataka kusema ndiyo. Nimechoka kuchekwa. Jana kondakta wa Nyegezi amenipigia kelele kutoka mlangoni mwa gari lake akiniita shemeji.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimemsomea mke wangu ile taarifa. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ukitoa hiyo hutakuwa umesahihisha neno," amesema. "Utakuwa umekimbia posa."

Nikamwambia haikuwa posa. Akasema kwao Ukerewe mwanamume akishatamka mbele ya wazee, alichomaanisha ni shauri lake mwenyewe. Halafu akaendelea na mchele wake. Nimekasirika siku nzima. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua ya kwanza. Kubwa, imekuja na upepo wa ziwani. Nimeenda Igogo bila kuaga.

Dagaa wote walioanikwa mchangani wamelowa. Wanawake walikuwa wanawazoa kwa mikono na kuwatia kwenye magunia. Hao sasa ni chakula cha kuku, tena kama mwenye kuku atawataka. Mama Kabula aliniona. Sikupata utani wowote. Aliitikia shikamoo yangu akainama tena kuzoa. Heri angenitukana.

Nimerudi ofisini na viatu vya tope. Nimemwambia ofisa habari aifute ile taarifa.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimepita kwa madiwani mmoja mmoja. Nyamagana nzima kwa miguu, ofisi hadi ofisi, duka hadi duka. Wengine wamenipa soda na huruma. Wachache wameahidi. Kura hazitoshi.

Naogopa. Meya akishindwa kwenye jambo alilolisema hadharani, kinachofuata kila mtu anakijua. Wataanza kutafuta meya mwingine.

Alhamisi, 17 Oktoba

Baraza. Nimeshafika nyumbani, niandike kabla sijaanza kuipamba habari.

Wanawake wa Igogo walijaa viti vya wananchi, vitenge vile vile. Naibu Meya akawasilisha hoja ya malori, vizuri kama kawaida yake. Mwishoni akasema baraza haliwezi kufungwa na kuteleza kwa ulimi wa mtu mmoja. Akanitazama kwa upole. Alikuwa bado ananifungulia mlango nitoke.

Nikaomba nafasi. Hotuba niliyoandika sikuisoma. Nilisema:

"Nilisema mahari. Sisahihishi. Humu ndani kila mtu ametoa mahari, au amepokea, au ametolewa. Nani kati yenu alishatamka mbele ya wakwe halafu akatuma taarifa kwamba ulimi uliteleza?"

Wakacheka. Kicheko kikaisha. Nikakaa. Kiti kilikuwa cha moto.

Akasimama diwani mkongwe kuliko sisi sote, fundi cherehani, mtu wa Naibu Meya tangu siku ya kwanza. Mimi hajanipa kura hata mara moja na hafichi. Akavua miwani. Akasema hampendi Meya na hilo halijabadilika. Lakini kijana wa ukoo akishapeleka neno, hata kama ni mjinga, ukoo hauendi kwa wakwe kusema mtoto wetu ni mjinga. Ukoo unachanga.

"Posa hii imetoka ndani ya nyumba hii," akasema. "Tuchange. Malori yatafutiwe kwingine."

Akaketi. Mikono ikaanza kunyooka. Niliangalia meza, sikuweza kuhesabu, Mkurugenzi ndiye aliyehesabu. Hoja ya malori imeanguka. Yadi ni ya wanawake, na maji yake. Choo kimeingizwa kwenye bajeti, maana yake Mungu anajua lini.

Vigelegele vilipasua paa. Naibu Meya amenipa mkono, na mkono wake ulikuwa wa kweli. Amesema ananionea wivu ulimi wangu.

Nimelia kidogo chooni. Basi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Magari mabovu yameondolewa. Chini ya moja walikuta familia ya paka. Nao wamehamishwa kwa heshima.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeenda yadini peke yangu, bila joho, bila dereva. Mawingu mazito lakini hayajamwaga. Vichanja vimepangwa kwa safu, dagaa wanang'aa juu yake, turubai zimekunjwa pembeni tayari kuvutwa. Bomba linatoa maji. Mtu ameshalifungia kitambaa chekundu ili watoto wasilichezee.

Nilipoingia wakanyamaza. Nikajua ndiyo wanajiandaa kunichoma kwa utani, nikajiandaa na mimi. Hawakunitania. Wale watu wazima wakavuta khanga kichwani, wakatazama chini, wakanipisha njia, mmoja hadi mwingine, mpaka mwisho wa vichanja. Nilidhani nimewaudhi. Nilimfikia Mama Kabula nikamwamkia na kumpa mkono. Akarudi hatua nyuma. Akaitikia marahaba akiwa ametazama pembeni.

"Mahari imefika, wewe sasa ni mkwe. Mkwe hashikwi mkono," akasema.

Kwetu mama mkwe hatazamani na mkwewe, wala hawali pamoja. Mimi ninaye mama mkwe mmoja tu tangu nioe, na bado huwa nabadilisha njia nikimwona. Leo nimepata yadi nzima.

Wakaniwekea stuli kule mwisho, mbali nao, chini ya bati. Binti mmoja akaleta ugali na dagaa wa kukaanga na maji ya kunawa, akaondoka. Nikala peke yangu, nikiwa nimewageuzia mgongo kama inavyotakiwa. Nyuma yangu walirejea kazini, nikasikia wanazungumza kwa sauti za chini, kwa adabu, na mara moja tu mtu akashindwa kujizuia akacheka. Dagaa walikuwa watamu, wakavu, wasio na mchanga hata chembe.

Mvua ilianza nikiwa namalizia. Nikasikia turubai zikivutwa.

Jumatatu nimfuate Mkurugenzi kuhusu choo.