Hapa Kaishia Mwenzangu

Jumatatu, 3 Machi

Wakubwa wa ofisi wamekubali! Kuta za lile ghala la kale, zilizochimbuliwa chini ya sinema iliyobomolewa, hazitafukiwa. Zitakuwa maktaba, watu wakae humo wasome. Msimamizi ni mimi na masharti ni yangu, yale yale ya makumbusho: cha kale hakiharibiwi, kipya kionekane ni kipya. Na fundi ni baba yangu mzazi. Ofisini wananong'ona, upendeleo. Wanong'one mpaka wachoke. Waniletee fundi kama huyo.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Baba kaziba pengo la ukuta wa nyuma — safi mno. Nimepapasa wee, sikuona alipoanzia. Nikamwambia kwa adabu: baba, matofali yako yarudi ndani kidogo, upana wa kidole, mtu ajue ya kale yameishia wapi. Akaniuliza, ndicho nilichokusomeshea, uje unifundishe kujenga kombo? Nikasema, bomoa, baba. Chakula hakugusa.

Ijumaa, 7 Machi

Amebomoa. Hanisemeshi.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimemkuta anawatembeza wapaka rangi. Kidole kinafuata ule mstari, pale matofali yake mapya yaliporudi ndani: hapa kaishia mwenzangu, hapa nimeanza mimi. Mwenzake! Fundi wa lile ghala, aliyekufa kabla babu wa babu hajazaliwa. Eti alikuwa mchoyo wa udongo, lakini kwa timazi, kuusimamisha ukuta wima, hana mpinzani. Mama kapiga simu kulalamika, nyumbani hakuna habari nyingine ila huyo marehemu. Nimecheka mpaka machozi. Najivunia baba yangu, basi.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nimesimama, stoo. Wageni wa ufunguzi wapo getini. Mkurugenzi wa ofisi yetu kauona mstari, kasema upigwe plasta sasa hivi, ukuta wote uwe sawa, watu watadhani fundi alikuwa amelewa. Kabla sijajibu, baba kavua kofia. Kasema taratibu: bosi, nikipaka hapo nitakuwa nimevaa kazi ya marehemu. Mimi yangu inanitosha.

Mkurugenzi akauliza, huyu mzee ni nani. Nikasema, mbele ya wote, ni baba yangu.

Basi mwambie babako, akasema, wewe ndiye bosi wake.

Nikamwambia. Baba, weka mwiko chini, vaa koti, utakaa mbele na wageni. Ndiyo nimeingia huku kumchukulia kiti. Mlango unagongwa, na si kwa upole; sauti ni ya mkurugenzi —