Mafuta Mekundu Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 8 Agosti 1983

Nimepima maji, nimepima oili ya injini, nimefuta kioo. Kama kila Jumatatu. Kisha nikakata kona ya kutoka Mbotela kuingia Jogoo Road na usukani ukanigomea. Mzito! Halafu ukalia, uuuuu, mpaka watu wa kituoni wakageuka. Gari hili lina pawa stiaringi, linatakiwa kugeuzwa kwa kidole. Ndiyo raha yake. Bosi wangu aliponiuzia akirudi kwao ng'ambo, nilizunguka mtaa mzima nikikata kona kwa mkono mmoja ili majirani waone tu.

Jumamosi mdogo wangu Njeri anaolewa. Mimi ndiye nitakayempeleka kanisani. Si dereva wa kukodi. Nimesema tangu siku ya mahari.

Jioni Baba Mdogo alikuja, akausikia mlio. Tangu baba afariki, yeye ndiye msemaji wetu. Ameendesha lori miaka ishirini, kwa hiyo hakuna asilolijua. Amenipa hadi Ijumaa jioni. Usukani ukiwa bado unalia, rafiki yake ataleta gari lake na dereva wake. "Bibi harusi hawezi kupelekwa na mwanamke anayepigana mieleka na stiaringi," akasema. Nimemchukia kwa dakika kumi nzima.

Jumanne, 9 Agosti

Fundi wa gereji anataka gari wiki nzima. Wiki! Nimerudi nyumbani nikatoa kitabu cha gari kwenye dashibodi. Kazi yote imeelezwa, na picha zipo. Nimefungua boneti, nikapata kikopo cha mafuta ya usukani, nikafungua kifuniko. Mafuta yanatakiwa kuwa mekundu. Haya ni meusi tititi, yananuka moshi. Oili chafu ya injini.

Mimi sikuitia. Jumapili gari alikuwa nalo Baba Mdogo, akipeleka kadi za mwaliko. Alilirudisha akitabasamu, eti kuna kikopo kilipungua, "nimekiongezea kidogo." Watu wa lori kwao oili ni oili.

Nikacheka peke yangu, nikakasirika, nikacheka tena. Maana sasa naujua ugonjwa! Meusi yatoke, mekundu yaingie, hapa hapa mlangoni. Njeri anasema nimerukwa na akili. Huenda.

Jumatano, 10 Agosti

Eastleigh saa ya chakula cha mchana. Mikebe miwili ya mafuta mekundu. Kazini nimechapa barua moja mara tatu. Mawazo yote yako chini ya boneti.

Alhamisi, 11 Agosti

Likizo imeanza. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshainua gari mbele kwa jeki na kuliegemeza juu ya magogo. Nikachomoa paipu inayorudisha mafuta kwenye kikopo, nikaziba tundu la kikopo, nikauelekeza mdomo wa paipu kwenye karai. Injini imezimwa. Alitakiwa mtu wa kugeuza usukani huku nikimimina. Bi Halima wa mlango wa pili akajitolea. Hajawahi kukaa kiti cha dereva maishani. Akakaza leso kiunoni, akasema Bismillahi, akazungusha kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Meusi yakatoka! Nikapiga kelele. Naye akapiga kelele. Mtaa mzima ukatoka kutazama.

Mekundu yalikuwa yameanza kuonekana kwenye paipu walipofika akina mama watatu wa upande wa bwana harusi. Wakwe. Huwezi kuwaacha wakwe wamesimama, wala kuwasalimia na mikono ya oili. Nikamwambia Bi Halima aendelee polepole, narudi sasa hivi. Nikanawa. Nikapika chai. Wakauliza habari za mama, za shamba, za mvua. Mimi naitikia tu, nikitazama dirishani. Bi Halima anazungusha kama anayesaga mahindi.

Nilipotoka, kikopo kilikuwa kikavu. Mfumo mzima umekunywa hewa. Nikarudisha paipu, nikamimina kilichobaki, nikawasha. Si mlio tena, ni mayowe. Mapovu yakafurika mpaka kwenye feni. Wakwe wakatoka na vikombe mkononi kuangalia kuna nini.

"Si uliniambia niendelee, mwanangu?" Bi Halima akasema. Kweli nilimwambia. Kosa ni langu. Nimelia jikoni, na kitunguu hakikuwepo.

Ijumaa, 12 Agosti

Asubuhi mapema Eastleigh, mkebe wa tatu. Kitabu kinasema hewa hutoka kwa subira. Jaza, geuza taratibu, ngoja mapovu yatulie, jaza tena. Injini isiwashwe bado.

Saa kumi Baba Mdogo akaja na wazee wa kamati, rafiki yake mwenye gari akiwa mmoja wao. Ningeweza kusema yote pale pale mbele yao. Ulimi uliniwasha! Lakini ndugu ya baba haaibishwi mbele ya watu siku moja kabla ya kusimama kwa niaba ya marehemu. Nikawapa wazee chai, nikamwita nje peke yake, nikamwonyesha karai.

Akachovya kidole. Akasugua, akanusa.

"Hii ni ile yangu," akasema. "Nilidhani nasaidia."

Kisha akavua koti lake la mkutano, akaingia kiti cha dereva. Akageuza taratibu, jinsi nilivyomwelekeza, wala hakubishana hata mara moja. Tulifanya hivyo karibu saa nzima. Mapovu yakapungua, yakaisha. Nikawasha. Kimya! Injini tu. Nikashusha gari, nikageuza kwa kidole kimoja. Nikaruka kama msichana wa shule. Bi Halima akapiga kigelegele kutoka mlangoni kwake. Baba Mdogo akavaa koti, akaingia ndani na kuwaambia wazee kwamba gari la kesho ni letu. Hakueleza zaidi, nami sikuongeza.

Jumapili, 14 Agosti

Jana sikuandika. Miguu iliuma.

Nilimpeleka. Wanawake walifunga lango kama ilivyo desturi, upande wa bwana harusi ukaimba mpaka likafunguliwa, kisha nikatoka na Njeri kiti cha nyuma, Baba Mdogo kando yangu. Kanisani, mjomba wa bwana harusi aliinama dirishani akauliza dereva huyu wamemtoa wapi. Nimepewa jina la mama yake Baba Mdogo, na kwetu mwenye jina huhesabiwa kuwa yule yule, lakini hajawahi kuniita hivyo mbele ya watu.

"Huyu?" Baba Mdogo akasema. "Huyu ni mama yangu."

Leo nyumba ni kubwa mno. Nimekunja shuka za Njeri. Nimenywa chai peke yangu.