Arusi Ambayo Twalib Hakuiona

Alhamisi, Mei 1994

Mvua tangu alfajiri. Nguo nilizoanua jana bado zina ubichi, kichwa chaniuma, na roho ndiyo zaidi.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Mambo yangu yote humwambia Zuhura, na leo Zuhura mwenyewe ndiye niliyemvunja moyo.

Mumewe, Twalib, yuko Maskati mwaka wa nne sasa. Alikaa na mke wiki chache tu baada ya arusi, akaenda kutafuta. Mwanzo barua zilikuja, kisha zikawa salamu za mdomo, kisha hata salamu zikakatika. Mamake Zuhura amechoshwa na maneno ya watu hapa Kibokoni. Amesema mwezi wa mfungo tatu, huu wa Hija, ukiandama, wataenda kwa kadhi kuomba talaka. Zuhura hataki. Hataki kabisa! Bado ampenda yule bwana, Mungu amsamehe.

Kwa hivyo akatengeneza kanda ya nyimbo. Binamu yake anasafiri kesho kwenda Maskati, ndiye atakayeichukua. "Akiisikia hii na asirudi, basi tena," aliniambia jana akinipa. Akaniomba niisikilize yote, kwa mpango wake, nisiruke hata wimbo, kisha nimwambie kweli.

Leo nilipotoka dukani Makadara nilijifungia chumbani na redio mapajani. Stima ilikuwa imepotea, na mawe ya redio yenyewe yalikuwa yakikaribia kwisha, nikawa naomba Mungu yanifikishe.

Jamani, kanda nzuri! Yaanza na vigoma vya siku ya hina, polepole, kisha zile nyimbo za kumtania bi arusi, kisha za ukumbini sauti zikipanda. Kila wimbo wampokea mwenziwe. Zuhura amerekodi moja moja, kaazima kanda nyumba hii na nyumba ile, mpaka arusi yake yote ikasimama tena, siku baada ya siku. Upande wa pili waishia na wimbo tuliomwimbia alipotolewa nje kutazamwa na wanawake, ameketi juu ya kiti macho chini, hina mpaka viwikoni. Nililia peke yangu pale kitandani.

Halafu nikakumbuka.

Twalib hakuwako.

Hizo ni shughuli za wanawake. Mwanamume gani aliyetia mguu ukumbini siku zile? Yeye alikuwa na waume wenziwe. Akaenda msikitini akaozwa, akala biriani, akapigwa picha. Alipoletwa chumbani kwa bi arusi, sisi tulikuwa tumekwisha imba na sauti zimetukauka. Zuhura amempangia mambo tunayoyakumbuka sisi mashoga zake. Twalib ataisikiliza kama mtu asikiavyo arusi ya jirani.

Nilikwenda kwake alasiri nikamwambia. Mjinga mimi, nilidhani ni kasoro ya kutengenezeka. Nikajifanya fundi.

"Hizi yeye hazijui, Zuhura. Weka zile mlizosikia pamoja."

Alinitazama. "Zipi?"

Tukakaa tukafikiri. Waliwahi kwenda Mama Ngina kula mihogo ya kuchoma, lakini hapakuwa na muziki, ni upepo na kelele za watoto tu. Nyumbani je? Twalib hakupenda redio ifunguliwe, alisema yamuumiza kichwa. Na lile gari lililompeleka uwanja wa ndege? Dereva alikuwa ameweka mawaidha. Tulitafuta mpaka ikaadhiniwa magharibi.

Hatukupata hata wimbo mmoja.

Ndipo nikaona nilichofanya. Kanda ilikuwa tumaini lake la mwisho, nami nimeingia na viatu vyangu vya matope nikamwonyesha kuwa hata la kumkumbusha yule bwana hana. Ulimi hauna mfupa, wangu ndio kabisa. Aliomba kweli, sawa, lakini nani alinituma nimpe yote? Ningesema nzuri, nikaenda zangu. Angelala na tumaini lake usiku mmoja zaidi.

Nikabaki kubabaika, "Ipeleke vivyo hivyo, shoga. Ni nzuri, wallahi ni nzuri."

"Ni nzuri kwa sababu nyinyi mlikuwako," akasema.

Hakulia. Heri angelia, ningejua la kufanya. Aliipangusa kanda kwa ncha ya leso, akaitia ndani ya bahasha, akasema hatoi hata wimbo mmoja. "Naye ajue alioa mtu aliyeimbiwa."

Nilikuwa nishavaa buibui langu, nimefika mlangoni, akaniita.

"Shoga. Ungekuwa wewe ndiye Twalib, ungerudi?"

"Ningerudi leo leo," nikasema. Na sikumdanganya, Mungu shahidi wangu. Ningeacha kazi na mshahara nikaja mbio.

"Najua," akasema. "Wewe ungerudi."

Akafunga mlango taratibu.

Mvua haijakatika. Asubuhi nitampitia twende pamoja kwa binamu tukampe hiyo bahasha. Nitamshika mkono njiani kwa ajili ya utelezi, na mdomo wangu nitaufunga.