Mtutu wa Inchi Sita au Nane

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimebeba maneno makali mengi kuliko madaftari. Baba na mjomba bado hawasemezani. Duka ni moja: nusu ya baba, fundi cherehani; nusu ya mjomba, kinyozi; katikati pazia. Na mimi ndiye simu yao.

"Mwambie mjomba wako nywele zake zinarukia suruali za watu."

"Mwambie baba yako nywele hazina miguu. Na mtutu ni inchi nane!"

Chanzo ni hicho hasa. Ile filamu ya mpelelezi mwenye koti refu, ambayo mjomba huwawekea wateja. Mpelelezi ana bastola kubwa ya risasi sita, kaliba ya arobaini na nne, inang'aa kama sufuria mpya. Bastola za aina hiyo zina mitutu mifupi na mirefu. Mjomba anaapa ya mpelelezi ni ya inchi nane na kitu. Baba anasema sita na nusu, jicho la fundi halihitaji futi. Kisha akaihitaji. Wiki iliyopita alivuka pazia, akapima kioo cha runinga, akakiacha na alama za chaki, akatangaza: inchi tatu! Wateja wakacheka mpaka machozi. Baba akarudi kwake akazima umeme — swichi iko upande wake. Mteja alikuwa amenyolewa nusu kichwa.

Sasa mjomba anahama Jumamosi. Amepata chumba karibu na stendi.

"Wanaume wazima wawili," mama kasema, "kwa bastola ya uongo!"

Mimi sitaki ahame. Nimekua nikisikia cherehani na mashine ya kunyolea zikilia pamoja. Ikibaki moja, itakuwa kama mwimbaji asiye na wa kumwitikia.

Nimeamua. Nitaitambua bastola hiyo kisomi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwendea mzee anayelinda benki. Tunamwita Afande, maana alikuwa polisi. Nikamweleza habari za mitutu. Alinisikiliza kwa makini, akatafakari, akakohoa.

"Binti yangu, miaka yote ya kazi nilibeba rungu. Niulize rungu."

Nikamuuliza, kwa adabu. Nimechelewa kurudi nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Uwiano!! Leo mwalimu wa hisabati katufundisha kupata urefu wa mti kwa kivuli cha fimbo. Nikanyoosha mkono: je, inafaa kwa bastola? Darasa zima likanigeukia. Nikaeleza yote. Mwalimu akasema ndiyo, inafaa kabisa — na kwamba angependa kuonana na mzazi wangu.

Maana yake ni kwamba udogo wa runinga si kitu. Unapima urefu wa silinda, lile duara linalobeba risasi, halafu unapima mtutu, bastola ikiwa imeonyeshwa ubavu. Jarida la zamani la mjomba lina picha za zote mbili, na inchi zake zimeandikwa. Nimezipima. Ile fupi, mtutu wake ni kama silinda nne. Ile ndefu, kama silinda tano. Kwisha!

Ijumaa, 7 Machi

Mjomba kaniruhusu kuisimamisha filamu, "kwa ajili ya masomo". Mteja mwenye povu kidevuni akauliza shule gani hiyo, amhamishie mwanawe.

Mpelelezi akiwa juu ya paa: silinda nne. Baba kashinda! Nikafurahi. Halafu nikamtazama mjomba akikung'uta taulo lake, nikaacha kufurahi. Ataondoka, tena ameshindwa.

Nikapima na pale sokoni, kwa uhakika tu. Silinda tano.

Nikapima tena. Tano! Na si urefu tu. Ya kwenye paa ina chuma kinene chini ya mtutu, kinafika mpaka mdomoni. Ya sokoni chuma hicho kinaishia njiani. Mpelelezi anaingia mlango wa paa na fupi, anatokea sokoni na ndefu! Waliotengeneza filamu walitumia bastola mbili, wakadhani hakuna atakayeona.

Kwa hiyo wote wawili wamesema kweli. Nilimkimbilia mama jikoni. Akaacha kumenya vitunguu.

"Mwanangu, ukiwaambia wote wameshinda, watagombana nani kashinda zaidi."

Mwalimu wetu wa darasa husema ukweli hauna upande. Hajawahi kukaa kwenye duka lenye pazia.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa chini ya meza ya kukatia nguo. Huko juu kuna kelele.

Mkokoteni ulikuja asubuhi. Vioo vilikwisha kufungwa kwa mashuka, kimebaki kiti cha kunyolea na runinga. Mjomba akaanza: "Mwambie baba yako—" Nikasema hapana. Nikasema simu imekatika, shikamooni wote, njoni mwone wenyewe.

Baba akaja. Alivuta pazia likang'oka lote na kamba yake. Anasema ni bahati mbaya.

Nikawaonyesha paa. Nikawaonyesha soko. Nne, tano. Baba akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Nikawaza, nimeharibu.

Ndipo baba akasema, "Shemeji, hebu rudisha kidogo."

Shemeji! Kamwambia yeye, si mimi!

"Ya kwanza kutokea ni yangu," baba anasema sasa.

"Ya kwanza kutokea, lakini ni ipi iliyomwangusha jambazi? Yangu!"

"Jambazi alikwisha kufa kwa woga, kule kwenye paa!"

"Kwa kamtutu kale? Shemeji, hata sindano zako ni ndefu kuliko kale!"

Mwenye mkokoteni kaingia kuuliza, apakie au asipakie? Baba kasema, "Ngoja kwanza." Mjomba kasema, "Ngoja kwanza." Kwa pamoja! Basi kaketi — kwenye kiti kilekile alichokuja kukibeba — kakunja nne, anatazama.

Sasa kaegemea mbele. Ananyoosha kidole.

"Samahani, wazee. Pale darajani, mbona silinda ni laini? Ya kwenye paa si ilikuwa na mifereji?"

Wote wawili wanaisogelea runinga.

Baba anaita jina langu. Mjomba naye analiita. Wanataka futi.