Mwizi Aliyemwamkia Bibi Shikamoo

Maskati, Ijumaa baada ya swala

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Hii ni shikamoo ya kalamu, imetoka mkononi mwangu mimi mwenyewe, siyo zile ulizopokea wiki iliyopita. Najua karatasi hii umeishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota dagaa wa juzi, lakini usiitupe. Iangalie kwanza. Mwandiko huu unaujua, wewe ndiye uliyenipiga makofi kwa ajili yake mpaka ukachoka, herufi zote zimelala upande kama walevi wa tembo la mnazi. Hakuna mashine duniani inayoweza kuandika vibaya hivi.

Aliyekuletea ni Bwana Faraji wa Lindi mjini, tulikuwa kazi moja, amemaliza mkataba wake anarudi kwa watoto. Mpe maji, mpe chakula, halafu mwulize mbele ya watu: huyo aliyekupa barua ana kovu wapi? Atakwambia kidevuni. Na wewe unajua nani alinirushia mbuzi ya kukunia nazi nikiwa mdogo. Sikulaumu. Leo kovu lile ndilo kitambulisho changu.

Habari za hapo Kiswere? Bibi anakula? Magoti yake yanamruhusu kufika barazani? Na wewe kifua kimetulia? Mimi mwili mzima, nashukuru Mungu, nimenenepa hata shingo haionekani vizuri. Roho ndiyo inachefuka. Tangu Jumanne ile chakula nakitazama tu, na unanijua mimi na chakula.

Sasa nisikilize, maana umesikia ya mwizi peke yake.

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye ghala la barafu, sijavaa glavu bado. Najua mnacheka, mtu wa Kiswere kupanda ndege kwenda kupanga samaki kwenye maboksi. Chekeni, lakini hapa hakuna anayemjua nguru kwa kumgusa akiwa amefumba macho isipokuwa mimi, hata msimamizi Mhindi huniita niamue. Basi simu ikalia, ujumbe kutoka kwa Maalim Bakari, yule yule aliyetufundisha Kurani mimi na wewe. Picha yake, kofia yake, ndevu zake. Ameandika: "Mwanangu Hemedi, kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yako kimakosa, ni za darsa letu la mtandaoni. Nirudishie upesi, Mungu akubariki."

Kweli, tarakimu sita zilikuwa zimeingia. Chini yake imeandikwa usimpe mtu yeyote. Lakini dada, Maalim ni mtu yeyote? Maalim aliyetuchapa kwa fimbo ya mkwaju mpaka alifu zikakaa kichwani, akisema lete unaleta. Lini wewe ulimwuliza Maalim "za nini"? Nikamtumia, na shikamoo juu, na kumwulizia hali ya macho yake.

Kumbe Maalim mwenyewe alikwishaibiwa. Mtu kavaa kofia ya mzee wa watu, anazunguka nayo kwa wanafunzi wake wote kama mwombaji. Na zile tarakimu sita ni ufunguo wa akaunti yangu, na mimi nimempa kwa mikono miwili.

Mchana programu ya kuchati ikanitoa nje. Nikasema mtandao wa Waarabu leo umeugua. Nikawaeleza wenzangu wote kwa sauti kubwa jinsi minara inavyochoka kwa joto, unajua mimi jambo nisilolijua ndilo ninaloeleza vizuri zaidi. Tukarudi chumbani. Khatibu, yule Mpemba tunayekaa naye chumba kimoja, ananitazama tu.

"Hemedi," akaniambia, "mimi na wewe tumekoseana?"

"Tumekoseana nini?"

"Basi hii unanitumia mie ya nini?"

Akanigeuzia simu yake. Dada, nilichokiona sikiandiki, karatasi hii inapita mikononi mwa Bwana Faraji, mtu anayefunga Jumatatu na Alhamisi. Nitakwambia tu kwamba nilikwenda kutema mate nje, nikarudi, nikatoka tena. Na juu ya uchafu ule, jina langu, na picha yangu niliyopigwa Idi na kanzu nyeupe.

Hivi unaijua hali ya kukuta mswaki wako una maji na wewe hujapiga mswaki? Ndivyo nilivyo. Ni kama mtu kaichukua kanzu yangu ya Idi msumarini, kaenda nayo chooni, kazunguka nayo mji mzima, kisha kairudisha na joto lake bado limo. Nimeifuta simu kwa sabuni. Khatibu akaniuliza, sasa hiyo sabuni inaingia mpaka ndani? Nikamwambia niache, nafuta mkono wangu.

Mwizi wa pesa namjua. Tumekua nao, wanaiba nyavu, wanaiba nazi, mmoja aliiba mlango wa Mzee Likwata na Mzee Likwata amelala ndani. Mwizi wa namna hiyo ana njaa, unampiga na unamwonea huruma. Huyu hana hata haya ya njaa. Alipoona jamaa zangu aliowaomba pesa hawana cha kumtumia, akaamua basi awachafue, kwa raha yake. Funza ana adabu kuliko yeye, maana funza huingia kwenye kidonda chako na hasemi kwamba yeye ni wewe.

Na kati ya watu wote akamwendea mama mkwe.

Unajua mimi na mama mkwe. Nikimwona njiani Mitole nashuka barabarani nasimama kwenye majani, kofia mkononi, mpaka apite. Tangu nimuoe Somoe sijawahi kutafuna mbele ya mama yake. Hata jina lake silitamki. Mwanaharamu yule kamwandikia "mrembo", kamwuliza kama yuko peke yake, kisha kamtumia picha ile ile aliyoitupa kwenye kundi la familia. Nikiliwaza jambo hilo meno yanauma.

Nasikia Somoe kachukua mtoto, kapanda gari, yuko kwa mama yake. Nasikia mama mkwe anataka talaka na kwamba wazee wa pande mbili watakaa. Simlaumu. Ningekuwa mimi mama mkwe ningetaka talaka na panga.

Nikapiga simu ya kawaida. Kumbe mwizi kanitangulia na huko, kawaandikia wote: "Namba yangu ya kupiga imeibiwa, kuna mashine inaigiza sauti yangu, mtu akipiga akisema ni Hemedi msimpokee." Mchafu, lakini si mjinga. Somoe akazima. Wewe ulipokea mara moja. Nikasema, "Dada Mwanahawa, ni mimi Hemedi." Ukasema, "Mashine wewe, Mungu akukate waya," ukakata wewe. Niliumia, halafu nikacheka, halafu nikaumia tena. Tusi lile lilikuwa zuri.

Ndiyo sababu ya karatasi. Mimi mwenye simu ya kamera tatu nimerudi kwenye bahasha kama wakati wa babu.

Sasa usidhani nimekaa nalia. Nimeisafisha simu ile kama unavyopaa samaki, mpaka utumbo. Khatibu alinikalisha chini, kwa dharau ile ya Kipemba, akasema tusianze na simu yako, hatujui ina nini, tuanze na yangu. Tukaingia kwanza kwenye barua pepe, maana huko ndiko funguo za akaunti nyingine zote zinakowekwa. Neno langu la siri lilikuwa jina la binti yangu na mwaka aliozaliwa. Khatibu akasema hilo si kufuli, hilo ni pazia. Tukaweka refu. Tukatazama orodha ya simu zilizoingia kwenye akaunti yangu, nikakuta simu ya mtu nisiyemjua imekaa mle ndani imekunja miguu kama mgeni aliyekaribishwa. Tukaitoa. Tukafuta programu moja ya kutazama mpira bure niliyoipata kichochoroni, inaomba ruhusa ya kusikiliza mpaka pumzi. Tukaipa simu masasisho yake niliyokuwa nayaahirisha kila siku. Laini nayo tumeiwekea namba ya siri.

Ile ya kuchati niliiomba upya kwa tarakimu mpya, na dakika ile ile mwizi akatupwa nje. Lakini alikwishatia kufuli lake la pili, na wenye mtandao wanasema nisubiri siku kadhaa lifunguke. Kwa hiyo ukimya mliouona kwenye kundi siyo aibu yangu. Yeye katolewa, mimi sijaingia. Nyumba imekaa tupu.

Nikakata tamaa, dada. Kusafisha simu niliweza, kusafisha jina sikujua naanzia wapi. Ndipo nikaona kitochi cha bibi, kile kisimu chake cha vitufe, kimenibipu. Mara moja, kikakatwa, kama kawaida yake. Nikampigia.

Sikusema hata salamu. Nikasema, "Wewe kikongwe, umeolewa na nani huko nikiwa safarini?"

Naye: "Nimeolewa na kijana mwenye meno. Wewe yako umeyaacha wapi?"

"Nimeyauza ninunue jembe la kukuzikia."

"Ndiye," nikamsikia anasema, siyo kwangu, anawaambia watu wa ndani. "Ndiye mume wangu, firauni huyu. Sikuwaambia?"

Nilikaa chini kwenye sakafu ya ghala, barafu yote ile. Nikamwomba akupe simu. Akasema, "Dada yako yuko jikoni hapa, ananitupia macho. Anasema nazungumza na mashine. Anasema nimezeeka."

Kisha akanieleza yote, ya Somoe, ya mama mkwe na ya Maalim, na la kwake. Mwizi alipokuandikia wewe, alijitia mjukuu mwema, akamalizia, "Nisalimie bibi yetu kipenzi, mpe shikamoo yangu ya heshima." Ukamsomea bibi. Bibi akasema hapo hapo, huyo siye. "Tangu umeanza kusema, lini umenipa shikamoo bila kuniita mke wako na kuniuliza hawara zangu? Huyo alikuwa ananiamkia kama karani wa mahakama." Ninyi mkamwambia bibi, nyamaza, mtoto kaharibika.

Fikiri, dada. Mwizi kasoma mazungumzo yangu yote, anajua namwita nani nini, kajua mpaka kuitengeneza hadithi ya mashine. Lakini utani wa bibi na mjukuu haumo kwenye simu, maana bibi hasomi na mimi simwandikii. Akaona mwanamke mzee, akafikiri heshima inatosha. Heshima ndiyo iliyomfungulia mlango kwangu kwa jina la Maalim, na heshima hiyo hiyo imemnasa kwa bibi.

Basi ninachokuomba ni kimoja. Kabla wazee hawajakaa, mchukue bibi uende naye Mitole. Mweke kiti cha mbele kwenye gari, mnunulie chungwa njiani, atakusumbua, vumilia. Mama mkwe msimwonyeshe simu yoyote, ya kwako wala ya mtu, asije akatetemeka tena. Msomee karatasi hii, ila pale nilipotaja meno na jembe paruke. Bibi aseme mwenyewe alichosikia. Mama mkwe akimtazama bibi usoni ataelewa, wale wanawake wawili hawadanganyani.

Na Somoe, kama bado moyo mzito, usimbembeleze. Mwambie anipigie yeye, kwa simu ya mama yake, aniulize swali moja tu: nilimwambia nini pale Nangurukuru basi lilipokuwa linawashwa? Sitaliandika hapa, bahasha nayo hufunguliwa. Sijawahi kuliandika popote. Nikikosea, na atume hiyo barua ya talaka niitie sahihi.

Wewe nawe, dada, simu yako inafunguka kwa moja mbili tatu nne, usinibishie, nilikuona. Ibadilishe leo, Bwana Faraji atakusaidia, nimemfundisha mimi. Tarakimu zikiingia usimpe mtu, hata mimi, hata imamu, hata nikikuambia niko kaburini nazihitaji. Mtu akipiga kwa jina la mmoja wetu, mpe bibi simu kwanza. Kuanzia sasa mlinzi wa ukoo huu ni yeye.

Nenda pia kwa Maalim Bakari. Nasikia hatoki nyumbani, anaona haya kwa yaliyofanywa kwa jina lake. Mwambie Hemedi anasema yeye hajakosa, tumevuliwa kofia pamoja. Mwambie darsa lake la Ijumaa nalisubiri, na nikirudi nitakaa mbele, nisipoijua aya achape.

Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie nilijua tangu mwanzo kwamba alizitazama zile picha mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Salamu kwa mjomba wetu wa Kilwa Kisiwani akivuka kuja, na kwa yule shangazi ambaye hata sasa hana simu, namwonea wivu. Binti yangu mbusu kwenye paji la uso, asijue lolote.

Bibi mwambie sina shikamoo yake. Mwambie namchukia, na ajihadhari na huyo kijana mwenye meno.

Ni mimi mdogo wako Hemedi, mume wa bibi yako, na, Mungu akijalia na bibi akiwahi kufika Mitole, bado mume wa Somoe.