Miguu ya Komando

Jumatatu, 3 Februari 1997

Komando anajila! Nimemkuta lindoni, mbwa ninayelinda naye geti la shamba la maua, miguu ya mbele inavuja damu. Katikati ya vidole ni nyama tupu. Analamba, anatafuna, analamba tena. Meneja akasema ni tabia mbaya, mnyooshe. Nikamnyoosha — kwa mkanda. Mwishowe akaning'ata kigimbi. Nilistahili, lakini hasira naye bado ninayo.

Jumatano, 5 Februari

Nilimpaka oili chafu, kama tunavyofanya kwetu Kibosho. Kailamba yote. Katapika mchana kutwa.

Alhamisi, 6 Februari

Meneja kamleta daktari wa mifugo kutoka Tengeru, kwa gari! Daktari kanusa miguu, kauliza mbwa anapita wapi. Nikasema mabanda ya waridi, kila asubuhi, dawa ikishapigwa. Akasema wengine hujitafuna kwa viroboto, wengine kwa funza, wengine kwa upweke wa mnyororo. Huyu ni dawa ya maua. Inamuunguza, na akijilamba anaila. Asiingie mpaka pakauke, aoshwe miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Meneja akaitikia haraka: sawa, sawa, mbwa asiingie.

Mbwa asiingie. Mke wangu Kandida anakata waridi humo humo, mikono mitupu, kandambili miguuni.

Jumamosi, 8 Februari

Kandida kanikuta kwenye kibanda cha lindo namwosha Komando. Kauliza, nikamweleza yote. Mjinga mimi! Kalipiga karai teke, kanyoosha mikono mbele ya uso wangu. Imebabuka. Usiku anajikuna mpaka shuka lina damu, na mimi nilimwambia ni miiba tu.

"Baba Hope, mbwa kaletewa daktari. Mimi ulinipa mafuta ya mgando!"

Kanizaba kofi. Kisha la pili. Sikurudisha. Ningeanzia wapi?

Jumatatu, 10 Februari

Sikukuu ya wapendanao ya Wazungu imekaribia, waridi lazima yapande ndege. Wanawake wamegoma mlangoni mwa banda, Kandida mbele. Wanataka glovu, na dawa ikauke kwanza. Supavaiza Simel akamchapa Tabea, mkataji mwenzao. Tabea akamchoma mkasi begani. Damu mpaka kwenye maboksi! Wakatolewa nje kwa virungu. Kandida kang'olewa jino. Nililiona likianguka, nikasimama tu na mnyororo wangu.

Najichukia.

Jumanne, 11 Februari

Wamerudi. Wana mawe, wameziba njia ya lori. Meneja kasema akipuliza filimbi nimfungulie Komando. Nikamwambia mke wangu yuko pale. Akasema vizuri, wenzake wataona hatuna mchezo.

Kandida kaja getini, kapitisha mkono kwenye nondo. Komando akaunusa, akaanza kuulamba taratibu, kama anavyolamba mguu wake.

"Acha! Utakula sumu!" nikapiga kelele.

Nilimwambia mbwa. Wanawake wote wakanitazama. Kandida akaurudisha mkono wake.

Filimbi imelia. Nimejifungia kibandani na Komando. Mawe yanagonga bati. Meneja anaupiga mlango mateke, ananitukania mama yangu. Naandika ili mkono usiende kwenye komeo. Bawaba ya juu imeshang'oka.

Komando kasimama, ananguruma. Nilimfundisha mwenyewe: mlango ukivunjwa, mrukie wa kwanza kuingia.

Mnyororo sijaushika.