Kitabu Kinene, Kitabu Chembamba na Meno ya Koko Namunyak

Kwa mshauri wetu Waceke, naomba unisome mpaka mwisho ndipo ucheke, kwa sababu huku Kitengela wameshanicheka wote na sijui tena niuweke wapi uso wangu. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu kutoka Bungoma, nasomea uafisa wa kliniki, na niko na vitabu viwili vya kufundisha kumpima mgonjwa kwa macho, mikono na masikio, kimoja kinene alichoninunulia kaka yangu, kimeandikwa ng'ambo na kina picha za rangi karibu kila ukurasa, na kingine chembamba cha karatasi ya kijivu, kimeandikwa na walimu wa hapa hapa Kenya, michoro yake ni ya kalamu tu, nilipewa na dada mmoja aliyemaliza chuo mwaka jana.

Nilichagua kinene, na nisikufiche, nilikichagua kwa sababu nikipita nacho kwapani watu wa ploti ninapopanga chumba wananiita daktari, na kile chembamba ukikishika unaonekana unaenda kwaya. Nikakisoma kwa bidii kuanzia sura ya tatu, maana mbili za kwanza hazikuwa na picha, nikaanza kufanya mazoezi kwa majirani, nikampima Kivuva anayetunza ploti yetu, na moyo wake nikausikia kwa mbali sana, nikamwambia ukweli kwamba umechoka, kumbe nilikuwa nimevaa stethoskopu ikiangalia nyuma, lakini hilo nililigundua baada ya wiki mbili na Kivuva alikuwa ameshaacha nyama na kuwaita ndugu zake kutoka Machakos wajadiliane kuhusu shamba.

Hayo yangepita, lakini mtihani wa vitendo ulifanyika katika kliniki moja upande wa Kisaju, nikapewa mgonjwa mama mzee wa Kimaasai anaitwa Koko Namunyak, koko ni nyanya kwa lugha yao, amekuja na goti linalouma, na mtahini alikuwa Madam Kakenya, mzaliwa wa Kajiado. Kitabu kinene kinasema simama miguuni pa kitanda utazame kwanza, nami nikasimama, nikatazama kimya kama dakika tatu, kisha nikamgeukia Madam nikaripoti kwa sauti kwamba mgonjwa ana meno ya kahawia, dalili ya kuvuta tumbaku miaka mingi, amepoteza meno mawili ya mbele chini, dalili ya kupigwa usoni, na ndewe za masikio zimetanuka, labda alivutwa, kwa hivyo nashuku ugomvi wa nyumbani. Nilidhani Koko hajui Kiswahili. Koko akainuka akakaa, akasema, "Wewe kijana, unasema mzee yangu alinipiga? Huyo mtu alikufa hajawahi niinulia mkono! Hii meno mbili walinitoa nikiwa mtoto, hiyo ilikuwa desturi yetu, na masikio tulitoboa ndio tuvae shanga. Na hii rangi ni maji ya kisima. Hata Madam iko nayo!" Madam akafunga mdomo, akaniandikia alama mdomo ukiwa bado umefungwa, na muda ukaisha.

Nimefeli, Waceke. Narudia baada ya wiki tatu, na nikifeli tena narudia mwaka mzima, na kaka amesema mwaka mwingine hatanisomesha, nitarudi nyumbani kulima miwa. Naogopa sana. Nishauri, nisome kitabu kipi kati ya hivi viwili, ama nitafute cha tatu?

Mwenye Vitabu Viwili, Kitengela

WACEKE ANAJIBU:

Nimecheka, nisamehe. Nilijaribu kungoja mpaka mwisho kama ulivyoomba, nikashindwa kwa Kivuva.

Pole kwa hofu yako. Ni hofu ya kweli na siifanyii mzaha. Wewe mwenyewe ndiye ninayekufanyia mzaha, kwa sababu umemtukana marehemu mume wa mtu mbele ya mjane wake, halafu unaniuliza habari ya vitabu. Umenieleza meno ya Koko, masikio ya Koko na ndoa ya Koko. Goti lililomtoa nyumbani umelitaja mara moja, na sioni mahali uliligusa. Mama huyo alirudi kwake anachechemea vile vile.

Usikilaumu kitabu kinene peke yake. Mpwa wangu ni muuguzi na anacho kimoja cha aina hiyo, nimekipekua. Sura ya kwanza inasema umsalimie mgonjwa, ujitambulishe, umuulize kinachomsumbua. Wewe uliiruka kwa kukosa picha! Ungemsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya, Koko," naye akakujibu "Iko," ukamuuliza habari ya meno, angekueleza yote bila kukasirika.

Sasa chukua kile chembamba. Si kwamba cha nyumbani ni lazima kiwe bora. Vipo vibovu pia. Kijaribu hivi: tafuta humo kitu ambacho wewe mwenyewe umeshakiona, kama meno ya watu wa Kajiado yanavyogeuka kahawia kwa floraidi ya maji ya visima, uone kama kimekitambua. Tafuta pia kinavyokueleza upungufu wa damu kwa mtu mweusi, kwamba ufunue kope ya chini na utazame kiganja. Kitabu kinachokutuma utafute mashavu mekundu hapa Kisaju kitakupotezea mchana. Kinene kiache mezani, ukifungue jioni kuthibitisha ulichokiona mchana. Na kisitoke tena nyumbani kwapani mwako.

Leo hii mwambie Kivuva moyo wake ni mzima, na umwambie kosa lilikuwa lako. Kesho nenda kwa Koko Namunyak bila kitabu chochote. Inamisha kichwa akuguse kama watoto wa kwao wanavyofanya, omba msamaha, kisha umuulize lile goti lilianza lini, linauma akiinuka au akitembea, na umwache amalize kusema. Ndipo uombe ruhusa ya kuligusa. Fanya hivyo kwa wagonjwa kumi kabla ya wiki tatu kuisha, ukiwa na mtu aliyehitimu karibu, na stethoskopu ikiangalia mbele.

Ukifanya hayo utapita. Usipoyafanya ukafeli tena, usiniandikie kuniuliza kitabu cha tatu. Niandikie kuniuliza bei ya jembe.

Waceke